Kozi ya Mfalme Simba

Sogeeni karibu, na mwenye kipande cha mkate mkononi akimalize kabisa, maana hadithi hii ina fisi ndani yake na mimi sitaki lawama.

Mwaka huo mvua ilikataa katakata. Mito ikawa njia za kupitia, nyasi zikakauka zikawa kama mswaki uliochakaa, na swala, pundamilia na nyumbu wakafunga safari kutafuta mbuga nyingine bila hata kuaga. Waliobaki waliishi kwa kisima kimoja tu. Kisima hicho kilikuwa cha Mfalme Simba, ambaye alilala pembeni yake mchana kutwa akigawa maji kwa zamu, huku akijisifu utadhani ameyanyesha yeye mwenyewe.

Shida ya Bwana Fisi haikuwa kiu. Shida yake ilikuwa tumbo. Fisi hakuwahi kuwinda kitu chenye nguvu ya kumkimbia. Aliishi kwa makombo ya Simba. Simba akila, Fisi naye alikula. Na siku hizo Simba hakuwa akila, kwa sababu kuwinda ni kukimbia, na kukimbia kwenye jua lile ni kuhema mbele za watu, na Mfalme Simba alikuwa radhi afe na njaa kuliko kuonekana akihema. Basi Fisi alikonda, akakonda, mpaka madoa yake yakasogeleana.

Siku moja akatua Korongo, ndege wa safari zake, katoka kaskazini ya mbali. Akapewa maji, na kwa kuwa alikuwa na ulimi usiotulia, akaanza kusimulia.

“Kule nilikotoka, Mfalme, wakubwa hawakimbizi nyama. Aibu hiyo! Mkubwa anasimama tu, kanyoosha mkono, ana kozi. Nyama inakuja yenyewe. Tena si kwa njaa, ni starehe tu, mambo ya kupitishia jioni, kama wengine wanavyocheza bao.”

Mimi na wewe hapa tunaelewana. Kozi ni ndege, jamaa yake kipanga, ana kucha kama sindano za kushonea magunia. Watu humfuga, wakamfundisha kuwinda na kurudi mkononi. Lakini Simba hakuwahi kumsikia. Mwingine angeuliza, “Korongo, kozi ni nini?” na hadithi hii ingeishia hapo, tukalala mapema. Simba aulize? Alitikisa manyoya ya shingoni, akasema, “Naam, kozi. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kitambo.”

Korongo akamaliza maji yake akaruka. Simba akamgeukia Fisi.

“Umesikia?”

“Nimesikia, Mfalme.”

“Sasa nataka kozi.”

“Kozi, Mfalme. Kozi… gani?”

Simba alimkazia macho. “Kozi, Fisi! Au nikuchoree?” Hakuwa na uwezo wa kumchorea hata kidogo, ila Fisi angejuaje? “Niletee kozi. Ukikosa kozi, niletee ngozi.”

“Ngozi ya nani, Mfalme?”

“Hiyo uliyovaa ni ya nani?”

Fisi aliondoka mkia katikati ya miguu. Njia nzima alikuwa akijisemea kozi, kozi, kozi, asije akalisahau neno. Na kila alivyolisema ndivyo lilivyozidi kufanana na lile neno jingine, mwili ukamsisimka wote. Nani atamsaidia? Akamkumbuka Sungura.

Kwa nini Sungura? Kwa sababu Sungura ndiye aliyekuwa fundi wa kozi pale bondeni, nazo ni zile kozi nyingine, za kusomea. Alifundisha kozi ya ushonaji, kozi ya upishi wa keki, na hata kozi ya kuogelea kwa kuku, ambayo hakuna mhitimu wake aliyewahi kurudi kulalamika. Nyumba yake ilikuwa mlimani kidogo, na mbele yake palikuwa na bustani ya mchicha ambayo siku hizo ilikuwa imelala chini kwa kiu.

“Hodi!”

“Karibu, kaka Fisi. Ila simama hapo hapo ulipo.”

“Ndugu yangu, niokoe, nimekwisha. Kozi ipo?”

Masikio ya Sungura yakasimama wima. Kozi ndege alimjua vizuri sana. Nusu ya binamu zake walipita kwenye kucha za ndege huyo. Hilo ndilo neno la kwanza lililomjia. Lakini alisikia Fisi amesema “ipo”. Akautazama mchicha wake uliolala. Akatazama upande wa kisima.

“Anayeitaka ni nani?”

“Mfalme.”

“Mfalme mwenyewe?” Sungura akapangusa mdomo. “Basi kozi ipo, kaka. Tena una bahati, imebaki nafasi moja.”

Fisi alitaka kumkumbatia, lakini Sungura alikuwa tayari amesharuka nyuma ya mlango. Wakaongozana hadi kisimani, Fisi mbele, Sungura nyuma kwa umbali wa heshima.

“Shikamoo, Mfalme,” Sungura alisema. “Nimekuja na kozi.”

Simba akamwangalia mikononi, akamwangalia nyuma. Hakuona kitu. “Iko wapi?”

“Iko humu,” Sungura akajigonga kichwani.

“Mm,” alisema Simba, kama mtu aliyetegemea jibu hilo hilo. “Ni kubwa?”

“Kuna fupi na kuna ndefu.”

“Mimi nichukue fupi? Mimi?”

“Nilijua tu Mfalme ni mtu wa ndefu.”

“Inauma?”

“Mwanzoni, mgongo kidogo. Baadaye unazoea.”

“Na nyama inakuja?”

“Mwishoni, Mfalme. Nyama huwa mwishoni.”

Fisi alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, haelewi hata neno moja, lakini hakuna aliyekuwa akipiga kelele, naye kwa uzoefu wake mambo yasiyo na kelele ni mambo yanayokwenda vizuri. Akajikuna ngozi yake kwa furaha.

Kozi ikaanza. Somo la kwanza lilikuwa kusimama na mkono umenyooka. Simba akasimama kwa miguu ya nyuma juani, mkono mmoja mbele, mkono mtupu, kutwa nzima. Wanyama waliokuja kunywa maji wakamkuta hivyo. Ngiri akamwamkia, na asipoitikiwa akadhani Mfalme amekufa amesimama, akaanza kulia.

“Nyamaza,” Simba alimwambia bila kugeuza shingo. “Niko kwenye starehe.”

Somo lililofuata lilikuwa glavu. Sungura alieleza kwamba kule kaskazini mkubwa huvaa glavu nene ili asichubuke. “Na glavu nzuri,” alisema, “hutengenezwa kwa ngozi.” Wote wakamgeukia Fisi. Fisi akajifanya anatazama mawingu, na mawingu yenyewe hayakuwepo. “Lakini magome ya mkuyu nayo yatafaa,” Sungura akamalizia, na Fisi akashusha pumzi iliyotimua vumbi.

Likaja somo la chambo. Lazima kiwepo kipande cha nyama kinachozungushwa kwenye kamba, mwanafunzi azoee kuita. Sungura akatoa ukwato mkavu wa nyumbu, sijui aliuokota wapi, akaufunga kwenye mkia wa Fisi. “Kimbia, kaka. Mfalme, wewe ita.”

“Rudi!” akanguruma Simba. “Rudi mkononi!”

Fisi akakimbia. Harufu ya ule ukwato ikamfuata. Akageuka aukamate, ukageuka naye. Akazunguka kisima, akazunguka kichuguu, akajizunguka mwenyewe mpaka akaanguka, na alipoinuka akaendelea kuzunguka upande wa pili. Jamani, siku hiyo Fisi aliteseka. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekifuata chakula. Leo chakula kilikuwa kinamfuata yeye, na bado alilala njaa.

Ndipo Sungura akaleta kofia. Ilikuwa nusu ya kibuyu, imeshonewa kamba za kufunga kidevuni, ikishuka hadi puani. “Kule kaskazini,” alisema, “kozi haikamiliki bila kofia ya kufunika macho.”

“Anavikwa nani?” Simba aliuliza kwa mashaka.

“Mwanafunzi bora.”

“Nivike upesi.”

Basi Mfalme wa bonde zima akawa amesimama pale, mkono mbele, magome ya mkuyu hadi kwenye kiwiko, kibuyu usoni, haoni mchana wala usiku. Na mara tu alipofungwa kamba za kidevuni, vichakani wakatoka mashemeji wa Sungura na vibuyu vyao vizima, wakachota maji ya kisima kimya kimya, wakapandisha mlimani. Wakashuka, wakachota tena. Mchicha wa Sungura ukaamka.

Fisi aliona. Akafungua mdomo aseme.  Sungura akamtupia mfupa. Fisi akatazama kisima kinavyoshuka, akatazama foleni ya wanyama wenye kiu waliokuwa wakingoja zamu nyuma ya kichuguu, wasikoona, akatazama mfupa. Alijua ni vibaya. Alijua kabisa. Lakini mfupa ulikuwa na uboho.

Siku moja, katikati ya somo, ndege mmoja akashuka angani akatua juu ya kichuguu. Kifua chake kilikuwa na mistari, macho yake ya manjano.

“Hamjambo wenyewe,” alisema. “Nasikia hapa kuna mtu ananyoosha mkono na hana wa kutua juu yake. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu.”

Sungura akabana masikio mgongoni, akajificha nyuma ya mguu wa Simba. “Fisi! Mfukuze huyo! Anavuruga kozi!”

“Anavuruga? Lakini mimi ndiye ko—”

Fisi alishaokota donge la udongo. La kwanza likamkosa ndege, la pili likampata ubawani.

“Nani huyo?” Simba aliuliza kutoka ndani ya kibuyu.

“Mpita njia tu, Mfalme,” Sungura alijibu. “Hana elimu.”

“Aondoke. Mwambie kuna watu wanasoma.”

Ndege akaenda zake amenuna, na somo likaendelea.

Hatimaye ikafika siku ya mahafali. Simba alikuwa amekonda hata taya zinaonekana, lakini alijitangazia mwenyewe kwamba amefuzu, tena amekuwa wa kwanza. Wanyama wakaalikwa kumpongeza. Walipiga makofi kwa midomo iliyopasuka, maana kisimani palikuwa pamebaki tope na kijidimbwi kidogo katikati. Sungura alikaa mbele, mnene, anang’aa. Ndipo Korongo, akiwa katika safari ya kurudi, akatua kuona kuna shangwe gani.

“Mfalme, hongera!” alisema. “Nasikia ulipata kozi. Yuko wapi?”

“Nimemaliza,” Simba alijibu, akivuta kifua.

Korongo akashtuka. “Umemmaliza? Umemla?”

“Kula nini? Kozi! Nimemaliza kozi. Nimefuzu.”

“Mfalme wangu, kozi ni ndege! Tena nimekutana naye huko angani, kavimba ubawa, analalamika. Anasema alikuja hapa kuomba kazi akarushiwa udongo na fisi.”

 Huko nyuma mtu mmoja, nadhani Ngiri, alicheka kidogo akageuza kicheko kuwa kikohozi. Simba akautazama mkono wake wenye magome, akakitazama kile kibuyu. Angeweza kumrukia Sungura papo hapo. Lakini kumrukia Sungura ni kukiri mbele ya bonde zima kwamba amesimama juani siku zote zile na kibuyu usoni kama kinyago cha kutishia ndege, kwa bure. Hilo hakuliweza.

“Nilijua ni ndege,” alisema taratibu. “Nilijua tangu mwanzo. Asiyejua ni Fisi. Nilimtuma kozi, akaniletea… kozi. Haya Fisi, tulisemaje? Leta ngozi.”

Fisi akaikumbatia ngozi yake. “Mfalme, si mimi! Ni Sungura!”

“Mimi?” Sungura aliweka mkono kifuani. “Kaka, kumbuka ulivyonijia mlangoni. Uliniuliza, ‘Kozi ipo?’ Ungeniuliza, ‘Kozi yupo?’ ningekujibu yupo, yuko kule juu ya jabali, kamwite mwenyewe. Umeomba ipo, nikakupa ipo. Neno ni neno. Au siyo hivyo, Mfalme?”

“Neno ni neno,” Simba akasema, na alionekana amefurahi kupata pa kushikilia.

Fisi alitaka kupiga kelele kuhusu maji. Lakini wangemuuliza, “Wewe uliona, mbona ulinyamaza?” Naye angejibu nini, mfupa? Akaufunga mdomo. Akajiangalia mwili mzima, mabaka yake, manyoya yake yaliyosimama ovyo. Haikuwa ngozi nzuri. Hakuna aliyewahi kuisifia. Lakini ilikuwa inamtia joto usiku na ilikuwa yake, na Fisi akalia machozi ya kweli.

Sungura angekuwa na kiasi, angeaga akaenda zake. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. “Mfalme,” alisema, “limebaki suala dogo la shukrani ya mwalimu.”

Simba hakuwa na pa kutokea. Mhitimu asiyemshukuru mwalimu si mhitimu, na wanyama wote walikuwa wakisikiliza. “Sema unachotaka.”

Pembeni ya kisima, kwenye unyevu, palikuwa na mche wa nyanya umejiotea, umejaa matunda mekundu ya kupendeza. Simba hali majani, wala Fisi. Kwao kilichoota ni kilichoota, hakuna aliyekitazama mara mbili. Sungura alikuwa ameutolea macho tangu somo la kwanza. Angenyoosha kidole tu mambo yangekwisha. Lakini sasa alikuwa mwalimu wa mfalme, na kuonyesha chakula kwa kidole aliona ni mambo ya washamba.

“Sina tamaa, Mfalme,” alisema. “Nyumbani nina kila kitu. Ninachokosa ni nyanya.”

Simba akainamisha kichwa kidogo. “Nyanya?”

“Nyanya. Nikilala naota nyanya.”

“Una hakika? Maishani mwangu sijasikia mtu akiomba hivyo.”

“Basi mimi ndiye wa kwanza.”

Simba alimeza mate. Wale wa karibu wanasema macho yake yalilowa. “Fisi,” alisema, “kabla hatujaanza hiyo shughuli ya ngozi, nenda kamletee Mwalimu nyanya.”

Fisi hakuuliza nyanya gani. Alimjua nyanya mmoja tu: mama mzaa baba yake Simba, ajuza aliyekuwa amewekwa kwenye pango nyuma ya kilima, mbali na masikio ya watu, kwa sababu ambazo mtazisikia sasa hivi. Akaenda mbio. Alifikiria kutoroka, kwa nini nikufiche? Lakini atorokee wapi, na makombo yote ya bonde lile yanatoka mdomo mmoja?

“Hodi! Shikamoo, nyanya.”

“Marahaba. Nani huyo? Amenona?”

“Hapana, nyanya, ni Fisi.”

“Basi ingia.”

“Unaitwa, nyanya. Kuna mtu anakuhitaji.”

Yule ajuza akainua kichwa polepole. “Mimi? Ananihitaji mimi?” Akapitisha ulimi kwenye manyoya ya mdomoni kuyalaza vizuri. “Tangu mjukuu wangu awe mfalme hakuna aliyefika hapa ila upepo. Huyo mtu anaitwa nani?”

“Sungura, nyanya.”

“Mungu amzidishie. Inama nipande, magoti yangu hayataki.”

Fisi akainama. Ajuza alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na njia nzima alikuwa akiongea: jinsi walivyokuwa wakiwinda zamani, jinsi simba wa siku hizi wanavyolea manyoya tu. “Mgongo wako una mifupa mingi,” alimwambia Fisi, “lakini una adabu.” Hakuna aliyewahi kumwambia Fisi neno jema namna hiyo, na kwa muda kidogo alisahau anakokwenda na kitakachomkuta huko.

Walipotokeza kisimani, wanyama wote wakasimama.

“Kikojozi wangu!” ajuza akapaza sauti akimwona Simba. “Kikojozi, mbona umekonda hivyo? Na mkono umefanya nini?”

“Nyanya,” Simba akanong’ona, “mbele za watu…”

“Watu gani? Mimi naona chakula tu hapa.”

Chakula kikarudi nyuma hatua moja. Sungura tabasamu lilikuwa limemganda usoni. “Mfalme, samahani. Si huyu. Mimi nilisema nyanya.”

“Huyu si nyanya?”

“Ni nyanya, ndiyo, lakini mimi nilitaka za kula!”

Wanyama wakapiga yowe. Ngiri akawaziba watoto wake masikio. Simba akanyanyuka.

“Za nini?”

“Siyo hivyo! Mfalme, nisikilize! Zile laini, nyekundu ndani, unazikatakata vipande, unazitia chumvi—”

“Anasema nini huyu kijana?” ajuza aliuliza.

“Hata sijui nikuambieje, nyanya,” Simba akasema, na sauti yake sasa ilikuwa inatoka chini kabisa. “Sungura. Umeomba nyanya mbele ya mashahidi. Hukusema ipo, hukusema yupo. Nimekupa aliyepo. Neno ni neno, umenifundisha mwenyewe. Sasa nijibu vizuri: umemwomba ili umle, au umemwomba ili umtunze?”

Sungura akatazama huku, akatazama kule. Kila upande ulikuwa na simba. “Nimtunze, Mfalme.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mwenyewe atakapochoka.”

“Mimi sichoki,” alisema ajuza.

Simba akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa miaka mingi. “Vizuri. Sasa, Fisi, ile ngozi.”

“Ngozi gani?” Ajuza akakaza miguu ubavuni mwa Fisi. “Ya huyu? Ukimchuna huyu, Kikojozi, mimi nitapanda nini? Sitaweza kwenda kwa huyo kijana, itabidi nihamie hapa kwako.”

Kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze, Mfalme Simba alionekana ameogopa. “Ngozi inaweza kungoja,” alisema haraka.

“Ingojee hapo hapo mwilini mwake.”

“Hapo hapo, nyanya.”

 Fisi akamgeuza ajuza taratibu, akaanza kupandisha mlima, Sungura akitangulia kwa miguu mizito. Na walipofika juu, hapo ndipo bustani ilipoonekana: mchicha umefika kiunoni, na ukutani vibuyu vya maji vimepangwa safu kwa safu. Mashemeji walipoona nani anakuja, walitoka kwa mlango wa nyuma bila kufunga.

“Haya maji yote ni ya nani, kijana?” ajuza aliuliza.

Sungura akajifanya anahesabu vibuyu. Angesemaje ni yake, na yeye mwenyewe alikuwa hana kisima?

“Kama hayana mwenyewe, basi ni yangu. Fisi, waite wenye kiu.”

Fisi akaita. Aliita kwa nguvu zake zote, kwa kile kicheko chake cha kuchukiza, na safari hii kilipendwa. Ngiri akaja na wanawe, wakaja nyani na nungunungu na wote wa ile foleni, wakanywa mpaka matumbo yakalia ndubwi. Fisi alisimama kando akiwatazama, na aliona aibu ya ule mfupa kuliko alivyowahi kuona aibu ya kitu chochote.

Jua lilipokaribia kuzama wageni wakaondoka. Ajuza alikuwa ameshajinyoosha juu ya kitanda cha Sungura, mkia unaning’inia hadi sakafuni. Fisi alikaa nje, kizingitini. Sungura akaingia na bakuli.

“Karibu chakula, nyanya. Ni mchicha.”

Ajuza akanusa bakuli. “Mchicha ni nani?”

“Si mtu, nyanya. Ni jani. Linaota tu.”

“Hakimbii?”

“Halikimbii.”

“Hana damu?”

“Halina, nyanya.”

“Maskini,” alisema ajuza kwa huruma, akalisukuma bakuli pembeni. “Mwache apone. Mimi nakula jamaa wenye afya. Niambie, mjukuu wangu mpenzi, humu ndani yupo nani?”

Sungura akageuza macho chumba kizima. Bakuli lilikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Mchicha ulikuwepo. Fisi alikuwa nje, tena Fisi ni usafiri. Aliyekuwepo alikuwa mmoja tu.

Fisi aliusikia ule ukimya kutoka kizingitini. Akameza mate, akajisogeza vizuri karibu na mlango, akaanza kungoja makombo.